Mbalamwezi katika tangi la samaki

Mama mwenzangu, mimi ni muuguzi, na wodini nimewahi kufunga mikono iliyoungua kwa umeme. Basi fikiri nilivyojisikia asubuhi ile, nilipotoka zamu ya usiku na kukuta balbu ya buluu imening'inia kwa waya juu ya tangi la samaki sebuleni, maungio yake yamezungushiwa plasta ya kidonda kutoka kisanduku changu cha huduma ya kwanza! Umeme wa volti 230, juu ya maji, na mdogo wao wa miaka mitatu hupenda kuchovya vidole humo.

Nilizima swichi kuu, nikakata waya kwa mkasi. Kisha nikamfokea mwanangu mbele ya wadogo zake kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Ana miaka 15. Wiki nzima sikupata kwake neno ila shikamoo.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu kufundisha akina mama kanisani. Somo? Kuwasikiliza watoto wetu. Ulimi ulikuwa mzito.

Jioni nilimwuliza, "Ulikuwa unataka kufanya nini?" Akajibu akitazama chini, "Mama, taa ikizimwa ghafla samaki wanashtuka, wanajigonga kwenye kioo. Nilitaka wapate mbalamwezi kwanza." Nikamwambia sikatai mbalamwezi, nakataa umeme wa ukutani juu ya maji.

Siku ya pili akaniletea daftari. Taa tatu ndogo za LED za buluu, kila moja hutumia kama volti 3.2, zikifuatana kwenye mstari mmoja ni 9.6. Adapta inatoa volti 12, kwa hiyo zinabaki 2.4, ambazo hupunguzwa na rezista. Ukigawa kwa ampea 0.02 unapata omu 120. Mimi ninayekokotoa matone ya dripu kila siku, hesabu ile ilinielea kabisa, nikaona fahari nikainyamazia.

Adapta ilikuwa ya redio iliyokufa. Fundi wa redio aliipima kwanza. Mwanangu alichoma maungio kwa risasi, mimi nikashika koleo. Tulipowasha, giza! Taa moja ilikuwa imegeuzwa. Mguu mrefu ndio wa chanya. Tulipoirekebisha, mwanga ukawa mkali kama wa duka la simu, tukabadili rezista, tukaweka ya omu 1,000. Hapo ndipo ulipofifia ukafanana na mwezi.

Waya niliusimamia mwenyewe. Adapta iko juu ya rafu, mbali na tangi, na waya umelegezwa ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likiufuata lidondoke sakafuni. Taa zimefungwa imara chini ya kifuniko, mtoto hazifikii.

Zinawaka saa 2 hadi saa 4 usiku, kisha giza. Samaki wetu hawana kope za kufumba, wanahitaji usiku wao.

Juzi nilichelewa kurudi, nikamkuta ameketi sakafuni mbele ya tangi. Nikavua viatu, nikaketi kando yake. Mwanga ule hautoshi kuonana nyuso vizuri. Labda ndiyo sababu aliniambia kwamba amefeli Kemia, na kwamba amekuwa akiificha karatasi chini ya godoro tangu mwezi uliopita.