Kitulo Wakati wa Mvua

Kutoka Chimala, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya, gari huparamia mlima kwa kona nyingi mno hata wenyeji wakaiita barabara yenyewe Hamsini na Saba. Nilipanda Februari, mvua zikiwa zimekolea. Joto la bonde la Usangu lilibaki chini yetu, ukungu ukaingia madirishani, na tulipofika Matamba kila mtu alikuwa amevaa koti.

Kutoka hapo nchi inafunguka. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, na hauna tembo wala simba. Serikali iliufanya hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea yake. Watu wa huku wanauita Bustani ya Mungu, nami sikuona jina linaloufaa zaidi.

"Fuata njia, dada, utakanyaga watoto," mwongozaji aliniambia. Nikainama. Majani yote yalikuwa na okidi ndani yake: nyeupe, njano, waridi, nyingine fupi kuliko kidole. Kitulo ina zaidi ya aina 40 za okidi ziotazo ardhini. Wakati wa kiangazi, jalidi ikiunguza nyasi na moto ukipita, hutaona hata moja. Uhai wote umejificha kwenye viazi vidogo chini ya udongo. Mwongozaji alinieleza kwamba kiazi cha zamani ndicho kinacholisha ua la sasa, na kando yake kinakua kipya cha mwaka ujao. "Ukichimba hiki kipya," alisema, "umechimba ua la mwakani."

Na wachimbaji wapo. Viazi hivyo husafirishwa hadi Zambia, ambako husagwa, huchanganywa na karanga na kupikwa chikanda, chakula kinachopendwa sana. Siwalaumu walaji, wala mkulima wa milimani anayehitaji ada ya shule. Lakini mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti bila kuvu maalumu wa udongoni. Bonde lililochimbwa lote halirudi kwa mvua moja.

Mchana ukungu ulipanda, wakatokea mbayuwayu wa buluu wakiruka karibu na nyasi. Nao huja na mvua. Hutaga ndani ya mashimo ya ardhini, hata yale yaliyochimbwa na mhanga, kisha mvua zikiisha huelekea Uganda na magharibi ya Kenya. Uwanda ukilimwa viazi mviringo, ndege huyu hana pa kulea makinda.

Ukitaka kwenda, nenda kati ya Desemba na Machi, na koti la mvua na viatu vigumu. Lipa mwongozaji wa vijijini. Na ukiuziwa viazi vya okidi sokoni, usinunue.