Koti la Mvua la Watu Wawili

Koti la mvua la kwanza nililolijua lilikuwa jani la mgomba. Kule kwetu Mabawe, wilayani Ngara, mvua ikikukuta njiani unaingia shamba lililo karibu, unakata jani moja pana, unajifunika kichwa na mabega, safari inaendelea. Mwenye shamba hakuulizi. Jani ni jepesi, halivuji, linamfaa mtoto wa shule na mzee anayetoka kilabuni, na bei yake ni bure. Kasoro yake ni moja tu: halifiki kesho. Upepo ukizidi linachanika vipande vipande, unabaki umeshika uti mtupu.

Ukitazama vizuri, makoti yote ya mvua yaliyowahi kuuzwa duniani yanajaribu kulishinda jani hilo kwa jambo hilo moja, kudumu, bila kupoteza wepesi wake. Mwaka 1823, mkemia mmoja wa Glasgow aitwaye Charles Macintosh alipata hataza ya kitambaa kisichopitisha maji. Aliyeyusha mpira, akaupaka katikati ya vitambaa viwili, vikagandamana. Maji hayakupita, lakini koti lilikuwa zito, lilinuka, likakakamaa kwenye baridi na kunata kwenye joto. Jina lake limebaki kwetu mahali ambapo mwenyewe asingepadhania: mama mjamzito akiandikiwa vitu vya kwenda navyo kujifungua, kwenye orodha anakuta makintoshi, ule mpira wa kutandika kitandani.

Kizazi changu kilikutana na kitu kingine. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi, na Benaco ikageuka mji wa plastiki. Kambi zilipofungwa Desemba 1996, vipande vya turubai vilibaki vikizunguka vijijini. Baba alipata kimoja, akakitoboa tundu la kichwa katikati. Lile turubai halikuwa na masihara. Lilienda shambani, lilifunika kahawa, lilifunika kuni, likarudi mgongoni mwa baba. Tatizo ni kwamba akilivua, shati la ndani lilikuwa chapachapa. Mvua haikuingia hata tone, ila jasho nalo halikuwa na pa kutokea. Kwa mtu anayepanda vilima vya Ngara, hiyo si habari ndogo. Ukifika juu ukasimama, upepo unaligeuza jasho lile kuwa baridi ya kwenye mifupa.

Nayaeleza haya kwa sababu mwaka juzi, mvua za Oktoba zilipoanza, mdogo wangu alinitumia ujumbe. Yeye ni bodaboda kijijini, mimi naishi Mwanza. Aliandika: "Kaka shikamoo. Nitafutie koti la mvua huko mjini. Liwe jepesi, lisiwe la kuisha haraka, niweze kwenda nalo popote. Na liwe kubwa kidogo." Nikamjibu marahaba, nikamuuliza hilo kubwa la nini, maana yeye ni mwembamba kama mche wa mkahawa. Hakujibu siku hiyo.

Kwa bodaboda, koti si pambo. Kwetu msimu wa mvua ni mrefu, kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei, ukiacha mapumziko mafupi mwanzoni mwa mwaka. Vilima vinapita mita 1,500, na mvua ya kule si ya joto kama ya pwani. Dereva akilowa saa nzima, vidole vinakufa ganzi. Vidole vikifa ganzi, breki inachelewa. Na barabara ya udongo mwekundu ikishaiva kwa maji, haimsubiri mtu anayechelewa.

Basi Jumamosi nikaenda Mlango Mmoja, kwenye mitumba. Dukani makoti mapya ya mvua yapo, lakini mengi ni ya aina mbili. Kuna la plastiki laini, unalivaa mara tatu, la nne linachanika kwapani. Na kuna lile zito la mpira, la suruali na koti, ambalo kwa kweli linazuia mvua, ila ni turubai la baba lililowekewa zipu. Halafu ni zito. Koti zito lina tabia moja: asubuhi jua likiwaka unaliacha nyumbani, na mvua inakuja saa nane mchana. Koti linalokaa msumarini halijamkinga mtu yeyote. Ndiyo maana naona mdogo wangu alikuwa na akili kulitanguliza neno "jepesi".

Kwenye mitumba kuna makoti ya watembea milimani wa Ulaya na Marekani. Mengi yametokana na kazi iliyoanza 1969, pale Bob Gore wa Marekani alipoivuta kwa ghafla plastiki ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Ikatanuka, ikawa utando wenye vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Utando huo ukibandikwa ndani ya nailoni nyembamba, unapata koti linalokunjika likaenea mfukoni. Lakini ujue, mzungu halitupi koti bila sababu. Mengine yametupwa kwa sababu rangi imepitwa na wakati. Mengine yamekufa, ila kwa nje hayaonyeshi.

Kwa hiyo niligeuza makoti nje ndani, moja baada ya jingine, huku muuzaji akiniambia, "Bosi, wewe unanunua au unafanya upasuaji?" Nilitafuta vitu hivi. Kwanza, utepe uliobandikwa juu ya mishono. Sindano inapopita inaacha tundu, na bila utepe maji yanaingilia hapo hapo, hasa mabegani. Nikaukwaruza kwa ukucha: ukinyanyuka, naliacha. Pili, ngozi ya ndani. Ikiwa inapukutika unga mweupe, au inanata na kunuka uchachu, koti hilo limeoza, na hakuna fundi wa kulifufua. Tatu, nikaubana mdomo kwenye kitambaa nikapuliza. Pumzi ikipita kirahisi, hilo ni la upepo, si la mvua. Nne, zipu, maana zipu ndiyo hufa kwanza. Nilitaka yenye meno makubwa ya plastiki, ambayo fundi cherehani wa kijijini anaweza kuibadilisha. Tano, kofia inayokunjika ikaingia chini ya helmeti, na pindo linaloshuka hadi kufunika makalio, kwa sababu maji ya pikipiki huja kutoka chini pia.

Rangi nayo ilinisumbua. Chungwa kali linaonekana usiku, na usiku wa mvua kuonekana ni uhai. Lakini mdogo wangu alisema koti la kwenda nalo popote, na popote ya Mabawe ni shambani, kanisani, kwenye mkutano wa kijiji na msibani. Ukiingia msibani na chungwa lile, watu watakuuliza barabara inatengenezwa wapi. Nikapata la kijani kibichi lililokolea, lenye mistari inayong'aa mgongoni na mikononi. Muuzaji alitaka 45,000, tukamalizana kwa 32,000. Lilikuwa saizi kubwa, kubwa kweli. Kabla sijalipa nikampigia.

"Linaweza kuwaingia wewe wawili," nikamwambia.

"Hilo hilo, kaka. Nunua."

Ndipo akanieleza. Abiria wake wengi wa usiku ni wagonjwa na akina mama wanaowahi kujifungua, na wengine anawafikisha hadi hospitali ya Murgwanza. Mvua ikinyesha, alisema, huwezi ukavaa wewe ukamwacha mama wa watu nyuma analowa na uchungu wake. Unamvisha yeye. Sasa koti la kukubana wewe, mama mwenye mimba ya miezi tisa atalivaaje? Na akishajifungua, mtoto anafunikwa na nini njiani? "Mimi nitalowa tu," akasema, "nishazoea. Ila nikiwa peke yangu nalivaa, silali na maji."

Nililipa. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikifikiria makoti ya kiume yanavyopangwa madukani: yamekatwa kwenye kiuno, yamefuata mabega, kana kwamba mwanaume anatembea kwenye mvua akiwa peke yake duniani. Kwetu sijawahi kuliona koti la namna hiyo. Turubai la baba lilimfunika yeye, likanifunika na mimi nikiwa nimeshikilia kiuno chake, tukipanda kilima kama mnyama mmoja wa miguu minne. Saizi ya koti la baba haikuwa saizi yake.

Nikalituma kwa basi, na karatasi ya masharti ndani. Usilifue kwa sabuni nyingi ya unga, inaziba vitundu. Suuza sana. Lianike kivulini. Maji yakiacha kuteleza juu yake na kuanza kulowesha kitambaa, lipitishe pasi yenye moto mdogo, juu ya kitambaa kingine, litarudi. Likichanika, kushona peke yake haitoshi, ziba na matundu ya sindano. Mdogo wangu alicheka masharti yalivyo mengi, akasema hata dawa za mseto hazina masharti kiasi hicho. Lakini ameyashika.

Limeshapita misimu miwili ya mvua. Kiwiko cha kushoto kina kiraka kilichobandikwa kwa gundi ya kuzibia tyubu. Mama amelivaa kwenda kuchuma kahawa, ameukunja mkono mara tatu. Jirani aliliazima kwenda msibani ng'ambo ya kilima, akakaa nalo wiki. Wanawake wangapi wamelivaa kwenda hospitali, mdogo wangu hana hesabu. Anasema mmoja alilirudisha limefuliwa, limekunjwa, na ndizi juu yake.

Juzi amenitumia ujumbe mwingine. Kofia imeanza kuachia pale kwenye kamba, na nikipita Mlango Mmoja nimwangalizie jingine la akiba. Rangi yoyote. Saizi ile ile.