Spana na Cheo

Kwa muda wa miaka 11 nimepata riziki yangu Maskati, katika mtambo unaogeuza maji ya bahari kuwa matamu, ambako maji husukumwa kwenye utando mwembamba kwa nguvu izidiyo mara 50 mkandamizo wa hewa, chumvi ikabaki upande mmoja na maji yakapita upande wa pili. Na katika miaka yote hiyo sikutamani jina jingine ila fundi, kwa kuwa masikio yangu yalikwisha zoea kuijua pampu mgonjwa kwa mlio wake kabla kipimo hakijasema neno. Mwezi wa Shaabani mkuu wangu aliniita faraghani, akanambia kwamba nimechaguliwa niwe mudiri wa zamu, juu ya watu 14, Waomani, Wahindi na Wafilipino, na kwamba tangu hapo kazi yangu itakuwa ratiba, likizo na magomvi. Niliomba muhula, nikaenda Unguja.

Neno mudiri kwetu lina uzito wake. Zama za Waingereza mudiri alikuwa mtu wa serikali aliye juu ya masheha, na wazee hawajamsahau, kwa hiyo mama alifurahi, ilhali ami yangu, seremala wa majahazi, aliuliza tu, “Ukishaiweka spana, mwanangu, mkono utakumbuka?” Ndilo hasa nililoliogopa, maana aliyekaa miaka mitatu juu ya karatasi aghalabu hurudi mtamboni kama mgeni anayetembezwa.

Jawabu nililipata kwenye kisima cha msikiti wa mtaani kwetu, Ng'ambo. Likizo ya nyuma nilikuta chujio limeziba mchanga hata pampu ikazunguka kavu na kuunguza sili yake. Nikatia sili mpya kwa saa mbili, nikaombewa dua, nikaondoka na fahari zangu. Safari hii niliikuta imekufa kwa maradhi yale yale, na watu wamepanga madumu uani. Mji wa Unguja ulipata maji ya mabomba tangu enzi ya Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Maarifa si mageni kwetu; kilichokosekana ni watu wa kuyasimamia.

Basi nikaiacha spana mfukoni. Nilikaa barazani baada ya Alasiri na vijana watatu, nikawauliza nani atafungua chujio kila Alhamisi, nani atashika ufunguo, nani atakusanya fedha za sili. Siku ya kwanza waliteta, ya pili mmoja akanuna akaenda zake, ya tatu akarudi. Yeye ndiye aliyelirudisha chujio kichwa chini, nami nikajizuia nisimnyang'anye mpaka alipoligundua kosa mwenyewe. Maskati amri ina mshahara nyuma yake. Unguja haina ila haya na ujirani, na naona hii ya pili ndiyo ngumu. Sina budi kukiri kwamba nilichoka kuliko siku ya kufungua pampu kubwa, mikono ikiniwasha kwa kukosa kazi, wala safari hii sikuombewa dua na mtu.

Nimekubali cheo kwa sharti nililoliandika katika barua, kwamba siku moja ya kila wiki nitavaa ovaroli niingie zamu chini ya amri ya fundi mwingine. Mama ameridhika na cheo, ami ameridhika na sharti. Nyongeza ya mshahara ni ndogo. Pampu ya msikiti, huu ni mwezi wa saba inafanya kazi.