Fildi Yangu: Walioajiriwa Kampuni Kubwa ya Afya Wanasemaje?

Najua nimeadimika. Juzi pale kafeteria jamaa mmoja kaniuliza kama nimedisco, teh teh teh. Sijadisco jamani, nilikuwa fildi. Wiki nane nzima, alfajiri niko kituoni nagombania mwendokasi, jioni narudi hosteli niko hoi, hata nguvu ya kuchemsha chai sina. Sasa nimerudi, na leo naandika kirefu kidogo. Mwenye kikombe cha chai akisogeze.

Kwa wasionijua, nasoma menejimenti ya rasilimali watu hapa Mlimani, mwaka wa pili. Nafasi ya fildi niliipata kwenye kampuni moja kubwa ya huduma za afya hapa Dar. Jina naliweka kapuni, msiniulize hata kwa meseji. Ni zile kampuni zenye hospitali kuu, kliniki mitaani, maabara yake, duka la dawa lake, na gari la wagonjwa linalong'aa kuliko gari la bwana harusi. Wiki ya kwanza kazi yangu ilikuwa kupanga mafaili na kutoa kopi. Wiki ya pili afisa utumishi akaniita.

"Mdogo wangu, menejimenti inataka kujua wafanyakazi wanaionaje kampuni. Zungusha hizi fomu, kusanya, halafu niandikie ripoti."

Nilifurahi kama mtu aliyeona bumu limeingia. Fomu ilikuwa na kurasa mbili, na juu imeandikwa kwa herufi kubwa: USIANDIKE JINA LAKO. MAJIBU NI SIRI. Hayo maneno yashikeni, tutayarudia.

Tuanze na mazuri, maana watu wanadhani mfanyakazi akipewa karatasi kazi yake ni kulalamika tu. Si kweli. Wengi waliandika kwamba mshahara unaingia tarehe ileile kila mwezi. Usicheke. Nesi mmoja aliniambia huko alikotoka, kituo kidogo cha mtu binafsi, mshahara ulikuwa kama mvua za vuli: unaweza kuja, unaweza usije, na ukija unakuja nusu. Watu wa maabara walisifia vifaa. Mashine ikiharibika fundi anaitwa, na dawa za kupimia haziishi katikati ya mwezi. Mtu anafanya kazi aliyoisomea, hasimami pale kumwambia mgonjwa "nenda ukapime kwingine". Wengine wakataja bima ya familia. Na vijana wa umri wetu walisema wazi kwamba wanalitaka jina la kampuni kwenye wasifu wao, wakae miaka miwili, wasogee mbele.

Haya, sasa machungu.

Kubwa kuliko yote ni zamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema masaa ya kawaida yasizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na hata ukijumlisha masaa ya ziada mtu asizidi 12 kwa siku. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Piga hesabu: kama saa yako ni shilingi 4,000, usiku unaongezewa 200. Usiku mzima wa masaa kumi ni shilingi 2,000. Nesi mmoja kanicheka nilipomwonyesha hesabu hiyo. "Hiyo ni ya bodaboda, na bodaboda mwenyewe asubuhi anataka zaidi."

Lakini hela haikuwa jambo la kwanza kwake. Alichoandika ni hiki, na nimekikariri: "Mgonjwa hapa analipa hela nyingi, akibonyeza kengele anataka nesi afike hapohapo. Kengele zinalia tatu, mimi niko mmoja."

La pili ni bima. Sikujua kabisa kwamba hospitali binafsi inaishi kwa makaratasi kiasi kile. Mgonjwa anatibiwa leo, fomu inakwenda kwa mwenye bima, inakaguliwa, na kama kuna kosa malipo yanakatwa. Ikirudi imekatwa, unaanza msako: nani alisahau sahihi, nani aliandika kipimo kisichoendana na ugonjwa. Watu wa mapokezi na madaktari wanaishi na hofu hiyo. Mnakumbuka Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao tarehe 1, na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha huduma kwa wanachama wake kwa sababu ya bei? Sisi tulisoma habari tukapita. Dada wa mapokezi aliniambia yeye ndiye aliyesimama dirishani kumwambia mzee mwenye kadi kwamba leo kadi haifanyi kazi. "Kugombana wanagombana wakubwa," kasema, "matusi napokea mimi."

La tatu silikuta kwenye fomu. Nilikuwa kwenye korido nagawa karatasi, mama mmoja wa usafi akasimamisha deki yake.

"Mwanangu, mbona sisi hujatupa?"

"Shikamoo mama. Nitauliza."

Nikauliza. Nikajibiwa kwamba wa usafi na walinzi si wafanyakazi wetu, ni wa wakala. Ni kweli kimkataba. Lakini mama yule anavaa sare yenye nembo ya kampuni, anaufuta damu ya chumba cha kujifungulia, na mgonjwa akikuta choo kichafu hamlaumu wakala, anailaumu hospitali. Maoni yake hayana pa kuandikwa. Niliporudi kumjibu akasema tu "haya mwanangu", akaendelea na deki.

Sasa wadau, tusidhani haya ni ya kwetu tu kwa sababu sisi ni masikini. Muhula uliopita kwenye semina tulipewa mfano wa Kaiser Permanente ya kule California, Marekani. Hiyo ni moja ya kampuni kubwa kabisa za afya nchini mwao, ilifungua milango kwa umma mwaka 1945. Tarehe 4 Oktoba 2023, wafanyakazi wake zaidi ya 75,000 waligoma siku tatu. Ulielezwa kuwa mgomo mkubwa kuliko wowote wa watu wa afya katika historia ya Marekani. Kilio kikubwa kilikuwa nini? Watu hawatoshi. Waliobaki baada ya Uviko walikuwa wanabeba kazi za walioondoka, na mishahara haiendani na gharama za maisha. Tarehe 13 Oktoba wakafikia makubaliano ya awali: nyongeza ya asilimia 21 kwa miaka minne, na kima cha chini cha dola 25 kwa saa kwa walioko California.

Angalieni kile kilio. Tofautisha dola na shilingi, halafu kirudie: kengele zinalia tatu, mimi niko mmoja. Ni kilekile.

Tofauti iko kwenye njia ya kusemea. Wenzetu sheria yao inataka chama cha wafanyakazi kitoe taarifa ya siku 10 kabla ya kugoma hospitalini, ili wagonjwa wapangiwe utaratibu. Kwetu huduma za afya na maabara zake zimewekwa kwenye huduma muhimu, na watu wake hawaruhusiwi kugoma isipokuwa kuna makubaliano ya kuhakikisha huduma za kiwango cha chini zinaendelea. Na mimi sipingi, hakuna anayetaka mama yake afike na uchungu akute geti limefungwa. Lakini ukimzuia mtu kugoma, basi fomu, kikao na chama ndivyo vilivyobaki. Vikiwa vya uongo, amebaki na nini?

Albert Hirschman aliandika mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika na taasisi ana njia mbili: aondoke au aseme, na utii wake ndio unaoamua atavumilia kiasi gani. Nilipolisoma hilo kwenye desa niliona ni la kujibia mtihani tu. Fildi nililiona kwa macho. Walioandika kwa ukali walikuwa vijana ambao tayari wametuma maombi kwingine. Madaktari wanaokuja jioni tu, wenye ajira zao sehemu nyingine, waliandika "sina tatizo" kwenye kila swali. Walio katikati, wenye watoto shule na mkopo benki, waliacha nafasi wazi. Ukijumlisha unapata kwamba kampuni ina furaha. Kumbe una karatasi nyeupe tu.

Isipokuwa moja.

Fomu moja ya maabara ilikuwa imejazwa mpaka nyuma. Mwandiko mzuri wa kizamani, ule wa watu waliofundishwa na walimu wakali. Mwenyewe kaeleza usiku mmoja alipounganishiwa zamu mbili kwa sababu mwenzake hakuja, na lebo za sampuli za wagonjwa wawili nusura zibadilishane. Kaliona mwenyewe, karekebisha, hakuna aliyeumia. Asubuhi kalisema. Kajibiwa kwamba kwa kuwa hakuna madhara, yaishe.

Sasa rudini kwenye yale maneno, MAJIBU NI SIRI. Chini yake fomu ilikuwa inauliza idara, cheo, jinsia, na miaka ya kazi. Nikiwa napanga majibu, orodha ya wafanyakazi iko mezani hapohapo, nikaona. Maabara, mwanamke, miaka kumi na moja. Kwenye orodha nzima kuna mmoja tu. Hata angeandika jina lake asingeonekana zaidi ya hapo.

Kwenye ripoti nikaweka makundi mapana: huduma za tiba na huduma nyingine, chini ya miaka mitano na zaidi ya mitano. Suala la lebo nikaliweka kama hatari ya jumla ya kuunganisha zamu, maana lile lilihusu uhai wa mtu na lisingefaa kufichwa. Nikapeleka. Afisa akasoma, akatikisa kichwa kuonyesha karidhika.

"Umefanya vizuri. Niletee na fomu zenyewe."

Jamani, moyo ulipiga. Huyu ndiye anayenijazia alama za fildi. Tena alishanidokeza kuwa mwakani kutakuwa na nafasi za wahitimu. Na si mtu mbaya, kila mchana alikuwa anauliza kama nimekula. Labda alitaka kuzihifadhi tu. Labda. Lakini mama wa maabara ana miaka kumi na moja pale, na aliamini herufi kubwa.

"Kaka, naomba nimsubiri mwalimu wangu, Alhamisi anakuja kukagua fildi. Nimuulize utaratibu wa chuo."

Akaniangalia muda kidogo. "Sawa."

Alhamisi mwalimu akaja. Nilimweleza kila kitu mbele ya afisa, kasoro fomu ya nani. Mwalimu akasema kwa upole kwamba majibu yakishakusanywa kwa ahadi ya siri, ofisi inapata majumuisho, na karatasi zinakwenda chuoni. Afisa akacheka, akasema hakuna shida, yeye alitaka kupunguza mzigo wangu. Tukanywa soda. Kwenye kipengele cha "ushirikiano na ofisi" nimepewa 3 kati ya 5. Sawa tu, sitapata sapu kwa hiyo.

Wiki ya mwisho tangazo likabandikwa mlango wa maabara: kuunganisha zamu ni kwa idhini ya mkuu wa idara tu, na lebo zikaguliwe na watu wawili usiku. Mama yule nilimkuta analisoma, miwani kaishusha puani. Hajui kama najua. Kaniambia, "Mwanangu, unamaliza lini? Usisahau kuja kutuaga."

Kwa hiyo mkiniuliza kama kampuni kubwa ya afya ni pazuri pa kufanya kazi, nitasema pana mshahara wa uhakika, pana vifaa, na pana uchovu. Lakini ukienda usaili, hasa nyie ndugu zetu wa Muhimbili, msiulize mshahara peke yake. Ulizeni usiku nesi mmoja anahudumia wagonjwa wangapi. Ulizeni mwenzako asipokuja nani anaziba pengo, na masaa hayo yanalipwaje. Ulizeni kama kuna chama cha wafanyakazi. Na ukipewa fomu ya siri, kabla ya kujaza hesabu kwanza: mtu wa idara yangu, cheo changu na miaka yangu, tuko wangapi?

Na sisi wa utumishi ambao kesho ndio tutakaotunga hizo fomu, swali langu ni hili: kama lengo ni kujua maoni, miaka ya kazi ya mtu unaitakia nini?

Nafasi za wahitimu mwakani niombe au nisiombe? Nimeshabadili mawazo mara tatu tangu Jumatatu. Waliopitia kampuni za namna hii nipeni uzoefu wenu hapo chini, majina ya kampuni msitaje. Mimi msuli unaniita, UE haina huruma. Tuko pamoja.