Tulipokuwa Texas Mwaka wa Ukame

Mtu wa Pwani akisikia neno ukame, mawazo yake humpeleka Ganze, Kinango, Garissa au ukingoni mwa Mto Tana. Ni nadra kuikumbuka Marekani, nchi tunayohadithiwa kwamba maji yake hayakatiki na nyasi zake hazikauki. Mwaka 2011 tulifunga safari kutoka Mombasa kwenda Houston, katika jimbo la Texas, kumtazama binti wa ami yetu aliyeolewa huko. Tulikuwa watatu: mama yetu na sisi wanawe wawili. Tuliwasili katikati ya Ramadhani, ambayo mwaka huo iliangukia mwezi wa Agosti, na tukakaa hadi Septemba. Tuliyoyaona huko yahusu maji, safari na hali ya hewa, na yana mafungamano na kwetu kuliko tulivyotarajia.

Houston ni mji wa bandari kama wetu, na katika mwaka wa kawaida hupata mvua nyingi kuliko Mombasa. Mwaka huo mambo yalikuwa kinyume. Tulipotoka nje ya uwanja wa ndege, joto lilitupiga usoni kama la mtu aliyeinamia tanuri ya mkate wa mofa. Jimbo zima lilipata kama nusu tu ya mvua yake ya kawaida, na katika kumbukumbu za hali ya hewa zilizoanza kuwekwa mwaka 1895 hapakuwa na mwaka mkavu kuliko ule. Tarehe 27 Agosti joto la Houston lilifika nyuzi 43. Mji wa Austin, ulio magharibi yake, ulihesabu siku 90 zilizofika au kupita nyuzi 100 za kipimo chao cha Farenhaiti, ambazo kwa kipimo chetu ni karibu 38. Waliofunga walikaa zaidi ya saa kumi na nne bila tone la maji, na hatukumsikia mtu akilalamika. Kila jioni, hata hivyo, baada ya kufuturu, mazungumzo yalirejea pale pale: je, kuna wingu lolote lililoonekana?

Maisha ya nyumbani yalikuwa yamebadilika. Halmashauri ya mji iliamuru bustani zinyweshwe siku mbili tu kwa wiki, tena si wakati wa jua. Nyasi za mitaani zilikuwa rangi ya makuti makavu. Lakini kilichomshangaza mama yetu zaidi ni kumwona shemeji, usiku ulipoingia, akiutandaza mpira wa maji wenye vitundu kuuzunguka msingi wa nyumba, kisha akiufungulia maji polepole.

"Mwanangu," mama akamwuliza, "maji ya kunywa wainywesha nyumba?"

"Mama, udongo wa huku ni wa mfinyanzi," shemeji akajibu. "Ukilowa hufura, ukikauka hunywea na kupasuka, na nyumba iliyo juu yake hupasuka nayo. Afadhali kulipia maji kuliko kulipia msingi mpya."

Akatuonyesha ufa uliopanda ukutani kutoka kwenye pembe ya mlango wa jikoni hadi karibu na dari. Haukuwapo mwezi wa Mei. Na udongo huo huo ulionywea ndio uliokuwa ukiyavunja mabomba makuu chini ya barabara, kwa mamia, hata maji yakawa yabubujika njiani wakati watu wakiambiwa wabane matumizi. Dada yetu alitukunjulia ankara ya maji ya mwezi uliopita, akaikunja tena bila ya kusema neno.

Mama yetu alikulia katika nyumba ya Mji wa Kale yenye kisima cha maji ya chumvi cha kufulia na jabia ya maji ya mvua ya kunywa, akafunzwa tangu utotoni kwamba maji hayamwagwi ila yamekwisha kufanya kazi mara mbili. Siku ya tatu tu tangu tufike, aliomba beseni mbili. Moja aliiweka chini ya mfereji wa jikoni, ya pili mahali pa kutawadhia. Kila jioni maji hayo yalipelekwa kwenye shina la mwaloni mkubwa uliokuwa mbele ya nyumba, ambao majani yake yalikuwa yameanza kugeuka rangi na kupukutika. Dada yetu aliona haya mwanzoni, maana majirani walikuwa wakitazama. Baada ya wiki moja, jirani wa mkono wa kulia naye alionekana na ndoo.

Idi ilipofika, tarehe 30 Agosti, tulikuwa tumekwisha kupanga matembezi. Mwisho wa wiki ile ulikuwa wa mapumziko marefu kwa Wamarekani wote, kwa kuwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba ni sikukuu ya wafanyakazi. Mpango wetu wa kwanza ulikuwa kwenda kwenye ziwa moja la karibu na Austin, tukapande mashua. Shemeji alipiga simu, akaambiwa kwamba maji yamerudi nyuma hata magati yamekaa juu ya tope. Maziwa ya Texas, karibu yote, ni ya kutengenezwa kwa mabwawa, na mwaka ule yalikuwa yakifichua siri zake. Katika Ziwa Buchanan yalionekana magofu ya mji wa Bluffton uliofunikwa na maji bwawa lilipojengwa katika miaka ya 1930. Katika ziwa jingine, karibu na mji wa Nacogdoches, lilipatikana tangi la chombo cha anga cha Columbia, kilichosambaratika angani tarehe 1 Februari 2003. Lilikuwa limelala chini ya maji miaka minane.

Basi tukachagua msitu badala ya ziwa. Jumamosi tarehe 3 Septemba tuliondoka alfajiri kuelekea Bastrop, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari, penye hifadhi ya misonobari ambayo wenyeji huiita Misonobari Iliyopotea, kwa sababu imejitenga na misitu mingine ya aina yake kwa zaidi ya kilomita 150. Tulikuwa tumenuia kuchoma mishikaki, lakini kuwasha moto nje kulipigwa marufuku karibu katika kaunti zote 254 za jimbo. Tulibeba sambusa, kababu, mahamri na chupa mbili za chai.

Njiani tulipishana na malori yaliyosheheni marobota ya majani makavu yaliyotoka majimbo ya mbali, na malori mengine yaliyobeba ng'ombe wakipelekwa mnadani. Tuliposimama kituo cha petroli, mzee mmoja mfugaji alitueleza kwamba anauza kundi ambalo baba yake alilianzisha. Bei ya majani ilikuwa imepanda, bei ya ng'ombe imeshuka kwa kuwa kila mtu anauza. Maneno hayo tungeweza kuyasikia katika soko la mifugo la Garissa, kwa lugha nyingine.

Msituni kulikuwa na kivuli kizuri na harufu ya utomvu. Lakini majani membamba ya misonobari yaliyokuwa chini yalivunjika kwa kila hatua, na kidimbwi tulichoonyeshwa kwenye ramani kilikuwa sahani ya udongo uliopasuka. Askari wa msitu alitujia, akatutazama, akauliza kwa upole kama tuna jiko. Tukamwonyesha chupa za chai. Akacheka, kisha akamwomba shemeji aliondoe gari juu ya majani na aliweke kwenye lami, kwa sababu bomba la moshi la gari lililotoka safari huwa la moto vya kutosha kuwasha nyasi. Alituambia kwamba hajapata kuuona msitu ule katika hali kama ile tangu aanze kazi. Tulikula, tukaswali adhuhuri chini ya miti, tukarejea Houston kabla ya magharibi.

Siku iliyofuata, Jumapili, watu wa Houston walikuwa wakitazama kusini-mashariki. Tufani iliyopewa jina la Lee ilikuwa imekaribia pwani, na wengi walitumaini itawamwagia mvua. Tufani ilipanda nchi kavu upande wa Louisiana na kuwanyeshea watu wa huko mvua isiyo na kiasi. Texas iliachiwa upepo mkavu wa kaskazini. Alasiri, upepo huo uliangusha miti juu ya nyaya za umeme huko Bastrop. Cheche zikafanya kazi yake.

Moto ule uliwaka kwa wiki kadhaa. Ulikula nyumba zaidi ya 1,600 na kuua watu wawili, na katika hifadhi tuliyokaa chini ya kivuli chake siku moja kabla, takriban asilimia 96 iliungua. Vibanda vya wageni vilivyojengwa katika miaka ya 1930 viliokolewa na wazimamoto. Barabara tuliyopitia ilifungwa. Siku ya Jumatatu moto mwingine ulizuka kaskazini-magharibi ya Houston, na moshi wake tuliuona tukiwa kibarazani.

Rafiki mmoja wa shemeji alikuwa na nyumba katika kaunti ya Bastrop. Alipata muda wa kumbeba mkewe, dawa zake, hati za nyumba na mashine ya kushonea ya marehemu mama yake. Nyumba iliteketea. Tulikwenda kumpa pole alipohamia kwa jamaa zake Houston, tukamkuta ameketi na mtu wa bima, wakiandika orodha ya vitu chumba baada ya chumba. Alikuwa na huzuni, na alikuwa na haki nayo. Lakini alikuwa na pa kulala, na alijua kwamba atajenga tena.

Usiku ule tulipiga simu nyumbani, na habari tulizopewa zilitukalisha kimya. Kenya ilikuwa imetangaza ukame kuwa janga la taifa tangu Mei. Tarehe 20 Julai Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia, na watu walikuwa wakimiminika Dadaab kwa miguu. Wakenya walikuwa wakichanga kwa simu zao katika harambee ya Wakenya kwa Wakenya. Ndugu yetu aliyekuwa Mombasa alisema kwamba hata mikokoteni ya maji imepandisha bei.

Ukame wa Texas na ule wa kwetu vilikuwa na chanzo kimoja. Mwaka 2010 maji ya Bahari ya Pasifiki, katikati na mashariki ya ikweta, yalipoa kuliko kawaida, hali ambayo wataalamu huiita La Niña. Yapoapo hivyo, njia ya mawingu ya kipupwe cha Marekani husogea kaskazini na majimbo ya kusini hukosa mvua. Na upande wetu aghalabu vuli huwa haba. Vuli ya 2010 ilituangusha, kisha masika ya 2011 nayo ikawa duni. Bahari moja iliyopoa mbali na sote ilimkausha mfugaji wa Texas na mfugaji wa Garissa katika mwaka mmoja.

Matokeo hayakuwa mamoja. Texas ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 7 katika kilimo na mifugo, na miti yapata milioni 300 ilikufa mashambani na misituni. Kusini na kati ya Somalia, uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kwamba njaa na dhiki zake zilichukua roho za watu 258,000 hivi, nusu yao watoto wasiotimiza miaka mitano. Mvua ilikosekana pande zote mbili. Kule kulikuwa na barabara ya kupitishia majani ya ng'ombe, benki, bima, na serikali inayosikilizwa. Huku kulikuwa na vita, na maonyo yaliyotolewa tangu 2010 yakachelewa kufanyiwa kazi. Mbingu huleta ukame. Njaa hukamilishwa na wanadamu.

Ukame wa Texas ulipungua baadaye, lakini haukwisha kabisa hadi mvua za Mei 2015, ambazo nazo zilileta mafuriko. Mwaloni wa dada yetu ulipona. Miti miwili ya mtaa huo huo ilikatwa mwaka uliofuata.

Kwa wasomaji wanaopanga kuwatembelea jamaa katika majimbo hayo wakati wa kiangazi, tunashauri haya. Ulizeni mapema kuhusu marufuku ya moto na hali ya maziwa kabla ya kulipia chochote. Msiegeshe gari juu ya nyasi kavu. Safirini na maji ya kutosha, na hakikisheni mwajua njia ya pili ya kutokea.

Na kwa sisi tulio hapa, ambao maji yetu yatoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, tunakumbusha jambo moja. Utabiri wa vuli hutolewa kabla ya mvua kuanza, na habari za kupoa kwa Pasifiki huwa zimekwisha kutangazwa. Majabia ya wazee wetu mengi yamefukiwa ili pajengwe vyumba vya kupangisha. Yaliyosalia yasafishwe, mifereji ya mapaa izibuliwe, na matangi yawekwe tayari kabla ya Oktoba, ili hata ikinyesha mvua moja tu, isitupite.