Kalasinga, Lancer na swali la Kidato cha Pili

Najua nimepotea. Miezi miwili sijaandika kitu humu, na sababu ni moja tu, nilikuwa field. Nimerudi chuoni juzi, viatu bado vina vumbi la Butiama, na kabla madesa hayajanimeza inabidi niwape hii.

Basi bwana, nilipangiwa shule moja ya kata upande wa Butiama, nafundisha Kiswahili na Historia. Nyumbani ni Musoma mjini, kwa hiyo nilikuwa nalala kwa mama, alfajiri nadaka mchomoko mpaka Makutano, halafu bodaboda. Wasioijua michomoko ya kwetu: ni Probox ya watu watano, mnakaa tisa, na mmoja anashea kiti na dereva. Ukifika kazini suruali uliyoipiga pasi inafanana na karatasi ya maandazi.

Wiki ya sita nikapata fununu kwamba mhadhiri anakuja kutukagua. Tumbo likaanza. Kwenye azimio la kazi nilikuwa na kipindi cha ufahamu, Kidato cha Pili, na habari iliyoko kitabuni ilikuwa ya kulaza watoto usingizi mchana kweupe. Nikaamua kuandika yangu mwenyewe. Niandike nini? Hapo ndipo nilipomkumbuka Baba Mkubwa wa Bunda.

Baba Mkubwa ni fundi magari. Gereji yake iko chini ya mwarobaini, na kwenye mlango wa bati kaandika kwa rangi nyekundu SIMBA. Wateja wageni huanza kumtania habari za mpira, naye ni Yanga damu! Huwa anakasirika kweli. Simba wake si wa Msimbazi. Ni Joginder Singh, Kalasinga aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, fundi kabla hajawa dereva maarufu, ambaye Wakenya walimwita Simba. Baba Mkubwa alijifunza spana kwa Kalasinga mmoja pale Musoma, na hizo habari ndizo alizolishwa pamoja na chai ya asubuhi.

Kwa hiyo nikaandika ufahamu wangu. Kwa kifupi ulisema hivi.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, wakati Malkia Elizabeth anavishwa taji, na yalikuwa ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Hata mwaka 1972 yalianzia Dar es Salaam. Enzi hizo yalikimbiwa Pasaka, masika yenyewe, maelfu ya kilomita kwenye barabara za kawaida ambazo ng'ombe na mabasi wanapita. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu. Mwaka 1968 tena 7. Mwaka 1973 yakaanzishwa mashindano ya dunia ya rali, na Safari ikawa mojawapo tangu msimu ule wa kwanza. Msimu wa 1974 ukaanza vibaya kwa sababu ya uhaba wa mafuta duniani, rali za Monte Carlo na Sweden zikafutwa, na Safari ya mwezi wa nne ikawa ya pili tu kwenye kalenda. Kampuni ya Mitsubishi ya Japani ilikuwa haijawahi kushinda rali hata moja ya ubingwa wa dunia. Wakampa Joginder Singh kigari cha Lancer 1600 GSR, injini ya lita 1.6. Pembeni yake akakaa David Doig wa kumsomea njia. Dhidi yao alikuwemo Msweden Björn Waldegård na Porsche 911. Matope yakaamua. Porsche ikaja ya pili, Lancer ya kwanza. Ule ndio ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ngazi ya dunia, na ulipatikana Afrika Mashariki.

Niliipenda ile sentensi ya mwisho jamani. Niliiandika ubaoni kwa chaki ya rangi.

Mhadhiri akaingia, akakaa dawati la nyuma kabisa, kafungua faili. Mimi mikono inatetemeka lakini sauti imetoka. Watoto wakawa macho kweli kweli. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, Mitsubishi si ndiyo ya Fuso?" Darasa likacheka. Nikamwambia ndiyo, ndugu yake Fuso inayobeba ng'ombe wa mnadani. Nikaona mhadhiri anatabasamu. Nikajisemea moyoni, leo A hii hapa.

Ndipo binti mmoja wa safu ya dirishani akanyoosha mkono. Huyu huwa haongei. Akasimama.

"Samahani mwalimu. Gari ni la Wajapani. Dereva ni Kalasinga. Sasa wewe umeandika ulipatikana Afrika Mashariki. Aliyeshinda ni nani?"

Nikameza mate. Nikasema, "Alizaliwa Kericho." Kama vile nimemaliza mambo.

Kijana wa Fuso akadakia, "Kericho ni Kenya!" Darasa zima likaangua kicheko, na wengine wakawa wanamtazama yule binti huku wanacheka. Mimi nikadhani wananicheka mimi. Nikagonga ubao, nikasema tuendelee na swali la pili, toa maana ya maneno yafuatayo. Binti akakaa. Kipindi kikaisha bila mimi kumjibu.

Mhadhiri hakunifokea. Alinipa karatasi yangu chini ya mwembe, na kwenye maoni aliandika kwamba swali bora la kipindi kizima liliulizwa na mwanafunzi na mwalimu akalikimbia. Alama ni B. Nilishukuru, nikaenda chooni nikakaa huko kidogo. (Ndiyo, mwalimu wenu mtarajiwa.)

Jioni ile mwalimu mmoja wa pale shuleni, dada mpole sana, ndiye alinifungua macho. Akaniambia yule binti mama yake ni mtu wa Migori, kaolewa huku. Mtoto kazaliwa hapa hapa Butiama, lakini wenzake wanamwita "Mkenya" tangu shule ya msingi. Akikosea hesabu, Mkenya. Akipata, Mkenya. Nikakumbuka jibu langu la Kericho na kicheko kile. Wadau, nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi nikapanda gari la Bunda. Nilimkuta Baba Mkubwa kalala chini ya Canter, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikamwamkia, "Shikamoo Baba." "Marahaba, nipe namba kumi na saba." Nikampa spana, nikamsimulia yote nikiwa naongea na miguu. Kisha nikamuuliza lile swali: sasa aliyeshinda ni nani?

Akanyamaza mpaka nikadhani hajasikia. Halafu sauti ikatoka chini ya gari, "Wewe ulikuwa unataka kujibu ili iweje?"

Nikasema sijui, ili nimsaidie.

"Hukutaka kumsaidia. Ulitaka alama." Akatoka, kapaka grisi mpaka sikioni. "Mjapani ana gari, lakini hajui tope la huku lina kina gani. Joginder anajua tope, lakini hana kiwanda. Mmoja akikaa bila mwenzake hamna kitu. Sasa hao wanafunzi wako wanaotaka kumgawa mtu vipande vipande, waulize kipande gani kingefika peke yake." Akainama tena kwenye Canter. "Na usisahau Mehta."

Mehta! Nilikuwa nimemwacha kabisa. Nikarudi Musoma nimekaa dirishani, napanga kipindi cha Jumatatu kichwani, hakuna andalio la somo wala nini.

Jumatatu nikaanza kwa kumwomba radhi yule binti mbele ya darasa, kwamba aliuliza swali nikalikimbia. Kelele zilikata. Halafu nikawaambia habari za Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, 1945. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia Uganda, pamoja na waliozaliwa pale na wasiokuwa na kwao kwingine. Mehta akahamia Kenya. Pasaka ya mwaka uliofuata, 1973, akashinda Safari na Lofty Drews ndani ya Datsun 240Z, tena walilingana pointi za adhabu na Harry Källström wa timu hiyo hiyo, ikabidi watenganishwe kwa kanuni. Na huo nao ukawa ushindi wa kwanza wa Datsun kwenye ubingwa wa dunia. Baadaye Mehta akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano kwa jumla.

Nikawauliza, huyu naye ni wa wapi? Safari hii sikujibu, niliacha wagombane. Waligombana haswa. Mmoja akasema Mganda, mwingine Mhindi, mwingine akasema ni wa pale alipofukuziwa akapokelewa. Nikawakumbusha kwamba Amin alipofanya yale, mtu aliyezikwa kilomita chache kutoka darasa letu alisema wazi kuwa ule ni ubaguzi wa rangi. Hapo kijana wa Fuso akatazama dawati lake. Sitaki kumsingizia kwamba aliokoka, mchana nilimsikia akiita mtu "Mkenya" uwanjani kama kawaida. Ila aliita kwa sauti ya chini.

Kazi ya nyumbani niliwapa insha, "Ushindi wa Kwanza". Nilisahihisha kwa tochi ya simu, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Wengi waliandika habari za Joginder, wakanirudishia maneno yangu yale yale, Lancer, matope, Porsche ya pili. Vijana watatu waliandika Taifa Stars, na mmoja akaandika siku ng'ombe wao alipozaa mapacha (huyu nilimpa nyingi, alinichekesha).

Yule binti aliandika ukurasa mmoja na nusu. Darasa la sita alikimbia mita 800 kwenye michezo ya shule, peku, akawaacha wote kwenye kona ya mwisho. Watu waliozunguka uwanja wakapiga kelele, "Mkenya! Mkenya!" mpaka anavuka mstari. Akapewa daftari mbili na sabuni ya kipande. Mama yake alikuwepo, na walipokuwa wanarudi nyumbani akamuuliza mama kama wale watu walikuwa wanamsifu au wanamtukana. Mama akamwambia akimbie tena mwakani wasikilize vizuri.

Nimempa 18 kwa 20. Mbili nilizikata kwa ajili ya alama za uandishi, maana hakuweka nukta hata moja ukurasa mzima.