Chura, Bwawa na Neno: Kuusoma Mkasa wa Kihansi

Katika vyuo vikuu pana desturi ya kugawana vitu vya ulimwengu kama warithi wanavyogawana shamba la marehemu. Mto huwa wa mhandisi. Chura huwa wa mwanabiolojia. Swali la iwapo ni haki kumwangamiza chura kwa ajili ya mto huwa la mwanafalsafa. Mhakiki wa fasihi, aliyechelewa kufika matangani, huachiwa methali. Aghalabu mgawanyo huo haumdhuru mtu, kwani kila mmoja hulima kipande chake na kuchapisha katika jarida lake. Hata hivyo, mara moja moja hutokea kitu kidogo kinachokataa kugawanywa, kikawalazimisha warithi wote kurudi kwenye baraza moja. Kitu cha namna hiyo ni chura wa Kihansi, kiumbe asiyetimiza urefu wa sentimita 3. Insha hii inadhamiria kuuangalia mkasa wake kama maandishi yanavyoangaliwa, na kuuliza kama uhakiki una lolote la kusema pale ambapo maji yamekwisha kuelekezwa kwingine.

Kwanza, habari yenyewe. Korongo la Kihansi limo kusini mwa milima ya Udzungwa, nchini Tanzania. Hapo Mto Kihansi huporomoka kutoka juu ya ukingo wa milima, na katika kuporomoka huko maji hupasuka yakawa manyunyu yanayolowesha majani na mawe usiku na mchana. Katika vipande vya ardhi vilivyoloweshwa hivyo, ambavyo jumla yake ilikuwa hekta 2 hivi, aliishi chura mdogo wa rangi ya manjano ambaye sayansi haikuwa imemjua. Watafiti walimkuta mwaka 1996. Mwaka 1999 John Poynton, Kim Howell, Barry Clarke na Jon Lovett walichapisha maelezo yake, wakampa jina la Nectophrynoides asperginis. Jike lake halizidi sentimita 2.9, na dume sentimita 1.9. Hana ngozi ya sikio inayoonekana kwa nje. Wala hatagi mayai majini kama vyura wengi wafanyavyo, bali huzaa watoto walio kamili, vyura tangu siku ya kwanza.

Lakini mwaka 1996 mto huo ulikuwa umekwisha kusomwa na msomaji mwingine. Ujenzi wa bwawa la kufua umeme, kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ulikuwa umeanza. Mhandisi alikuwa ameyaona maporomoko yaleyale akayafasiri kwa lugha yake: maji mengi, mwinuko mkubwa, eneo dogo la kufurika. Maji yangeelekezwa kwenye handaki, yateremke hadi kwenye mitambo iliyojengwa chini ya ardhi, yazalishe megawati 180, kisha yarudi mtoni. Haifai mhakiki kumchora mhandisi huyo kama dubwana la ngano. Tanzania ya miaka ile iliujua vyema mgao wa umeme: hospitali zilizotegemea jenereta, viwanda vilivyosimama, wanafunzi waliosomea kibatari. Tena, kwa vipimo vya fani yake, Kihansi ulikuwa mradi wa kusifiwa, kwani ulipata nguvu nyingi bila kuzamisha mabonde na vijiji. Kinaya cha mkasa huu ni kwamba mhandisi na chura walikipenda kitu kimoja kwa sababu moja. Wote wawili waliishi kwa kuanguka kwa maji, na maji hayawezi kuanguka mara mbili.

Mitambo ilipoanza kazi, takriban sehemu tisa kwa kumi za maji ziliondoka korongoni. Manyunyu yakakoma. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa katika bustani za wanyama huko Marekani, na korongoni kukatandazwa mabomba ya kuteremsha maji kwa uzito wake yenyewe hadi kwenye vinyunyizio, ili kazi iliyofanywa na maporomoko bila kuombwa ifanywe na vyuma. Kwa muda ikaonekana kwamba ufundi umelitibu jeraha lililofanywa na ufundi. Makadirio ya katikati ya mwaka 2003 yalikaribia vyura 21,000. Kisha, katika miezi michache, wakatoweka. Yametajwa maradhi ya kuvu yanayoshambulia ngozi ya vyura, zimetajwa hitilafu za vinyunyizio, yametajwa matope na sumu za mashambani zilizoteremka bwawa lilipofunguliwa. Wataalamu hawajakubaliana uzito wa kila sababu. Januari 2004 walionekana vyura watatu tu, na wawili walisikika wakilia. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile lilitangaza kwamba chura huyo ametoweka katika makazi yake ya asili. Wale waliokuwa ughaibuni walizaana kwa taabu. Mwaka 2010 mia moja kati yao walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu mwaka 2012 vizazi vyao vikaanza kurudishwa korongoni, chini ya vinyunyizio.

Mwanafalsafa huingia hapa na swali ambalo mitaani na magazetini liliulizwa kwa ukali zaidi kuliko darasani: chura ni nini hata agharimiwe mamilioni ilhali watoto wa watu hawana dawa? Swali hilo si la mzaha, na anayelicheka hajapata kukosa dawa. Mwanafalsafa Mkenya H. Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa amekwisha kuliandalia njia. Katika kitabu alichohariri mwaka 1994, *Philosophy, Humanity and Ecology*, yeye na Calestous Juma walipendekeza maadili yanayoitazama dunia kama mzazi. Walitumia mfano wa familia ambamo watoto hawakulingana kwa mali, lakini hakuna hata mmoja awezaye kudai kwamba alichonacho amekipata bila deni kwa wazazi na kwa ndugu. Oruka aliaga dunia mwaka 1995, mwaka mmoja kabla ya chura wa Kihansi kuonekana, hivyo hakupata kulijaribu wazo lake juu ya kiumbe huyo. Hata hivyo wazo lenyewe linaligeuza swali la mitaani. Badala ya kuuliza chura ana thamani gani akilinganishwa na mtoto mgonjwa, linauliza ni nani katika familia aliyekula akashiba, na kwa nini bili ya mlo huo imewekwa mbele ya wawili walio maskini kuliko wote, yaani mtoto na chura, ili wagombane.

Ndipo anapobakia mhakiki na methali yake. Kelele za chura, husema Waswahili, hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kwa kawaida methali hii hufunzwa kama sifa ya ustahimilivu: mwenye azma asijali maneno ya wasiokuwa na uwezo. Fasiri hiyo humweka msikilizaji upande wa ng'ombe bila kumwuliza. Lakini methali isomwe pale Kihansi, na mambo mawili yatajitokeza. La kwanza ni kwamba chura katika methali ana sauti, na sauti hiyo inasikika. Kinachokosekana ni nguvu tu. La pili, nalo ni zito zaidi, ni kwamba methali nzima imejengwa juu ya dhana isiyotamkwa, kuwa ng'ombe akishashiba ataondoka, na maji yatabaki, na chura ataendelea kulia ndani yake. Hekima ya wahenga haikupata kumwona ng'ombe awezaye kuunywa mto wote. Kejeli ya methali ilivumilika kwa kuwa ziwa lilikuwa na uhakika. Uhakika huo ukiondoka, maneno yaleyale hayawi tena mafunzo ya ustahimilivu, bali huwa taarifa ya jinsi kiumbe alivyokufa: wawili walisikika wakilia, na kelele zao hazikuzuia.

Sarufi nayo ina ushahidi wake. Neno *chura* lina umbo la ngeli ya vitu, kwani wingi wake ni *vyura*, sawa na *chumba* na *vyumba*. Lakini Kiswahili sanifu hakimwachi humo. Kwa kuwa ana uhai, humpa upatanisho wa watu: chura huyu amelia, vyura hawa wamekufa. Kila asemaye hivyo hufanya, bila kujua, tendo dogo la kifalsafa. Huutazama uhai wa kitu kabla ya umbo la jina lake. Katika mijadala ya Kihansi, hata hivyo, ilisikika mara nyingi kauli ya *vyura vya Kihansi*, sambamba na *vyura wa Kihansi*. Mwanaisimu atasema, na kwa haki, kwamba huo ni utofauti wa kawaida wa mazungumzo. Mhakiki hana haja ya kumpinga. Inamtosha kuonyesha kwamba lugha ilikuwa imemwekea chura huyo milango miwili, mmoja wa kuingilia pamoja na watu na mmoja wa kuingilia pamoja na vyombo, na kwamba mabishano yote ya bajeti yalikuwa, katika kiini chake, mabishano juu ya mlango upi ufunguliwe.

Jina la kitaalamu nalo linahitaji kusomwa. *Asperginis* ni neno la Kilatini lenye maana ya kuwa wa manyunyu. Waliolichagua walimfafanua chura kwa makazi yake, na ufafanuzi ulikuwa wa kweli kabisa. Lakini ulichapishwa wakati manyunyu yenyewe yamekaribia kukatwa, hivyo jina likazaliwa likiwa nusu tanzia. Linganisha na jina la chura mwingine aliyeelezwa mwaka 2009 kutoka vilima vya Taita nchini Kenya, ambako misitu imebaki vipande vipande. Yeye aliitwa *Callulina dawida*, kutokana na Dawida, jina ambalo wenyeji huviita vilima hivyo. Jina la kwanza linategemea maji yaendelee kuanguka. La pili linategemea watu waendelee kusema. Yote mawili ni ahadi, na ahadi ya jina hutimizwa na wengine wasiokuwa wale waliolitoa.

Fasihi andishi haikukosa kuyaona haya kwa mbali. Aristophanes wa Athens, katika tamthilia yake ya vyura iliyoigizwa mwaka 405 kabla ya Kristo, alimfanya mungu Dionysus avuke ziwa kuelekea kuzimu ili amrejeshe mshairi aliyekufa. Vyura humwimbia wakati wa kuvuka. Wao ndio walioipa tamthilia jina, lakini husikika katika onyesho moja tu, kisha hunyamaza, na hakuna mhusika anayeuliza wameenda wapi. Karibu zaidi na nyumbani, Kithaka wa Mberia katika *Kifo Kisimani* aliyaweka maji mikononi mwa mtawala, akaonyesha kwamba anayemiliki kisima hahitaji sana mahakama. Tamthilia hizo mbili zikiwekwa pamoja zinafundisha jambo ambalo ripoti za kiufundi hazikuwa na safu ya kulijaza: kwamba swali la nani anashika maji na swali la sauti zipi zinanyamaza ni swali moja.

Hata hivyo mhakiki asijipongeze mapema. Kumfanya chura kuwa ishara ni tendo lenye hatari yake. Mhandisi aliyachukua maji akamwachia chura mawe. Mhakiki aweza kuichukua maana akamwachia chura mauti yake. Makala zikajaa sitiari za vyura walio wanyonge, vyura walio Afrika, vyura walio lugha zinazofifia, na katika yote hayo chura mwenyewe, wa sentimita 2, asiye na sikio la nje, azaaye watoto kamili juu ya majani yaliyolowa, asionekane popote. Uhakiki wa namna hiyo nao ni handaki. Heshima ya kwanza ambayo mhakiki aweza kumpa ni ileile aliyopewa na wanabiolojia wanne wa mwaka 1999, yaani kumtazama kwa makini hata maelezo yake yasiweze kumfaa kiumbe mwingine yeyote. Kwa kipimo hicho, maelezo ya spishi mpya ni utanzu ambao idara za fasihi zimeupuuza bila sababu.

Kinachobaki ni suala la mpangilio wa masimulizi, ambalo ndilo eneo halisi la mhakiki. Mkasa wa Kihansi haukusababishwa na ukosefu wa maarifa. Mwanabiolojia alijua, mhandisi alijua, na mwanafalsafa alikuwa amekwisha kuuliza. Kilichoharibika ni utaratibu. Sentensi ya bwawa iliandikwa kwanza, ikatiwa nukta. Sentensi ya chura ikaja baadaye, ikawa haina budi kuingizwa kama tanbihi. Kila kilichofuata, mabomba, safari ya ng'ambo, maabara ya Dar es Salaam, kilikuwa jitihada ya kuifanya tanbihi iweze kuishi chini ya ukurasa. Wanafunzi wa fasihi hufundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba habari zilezile zikisimuliwa kwa mfuatano mwingine huwa hadithi nyingine. Pengine hakuna funzo la darasa hilo linalostahili zaidi kupelekwa ng'ambo ya ua, katika kitivo cha uhandisi, kabla ya handaki jingine kuchimbwa. Korongoni, ambako maji hunyunyizwa kwa mabomba ili jina la Kilatini liendelee kuwa kweli, yupo chura anayelia kwa sauti ndogo. Hamzuii yeyote. Anangoja tu kusomwa mapema.